Kaboni Hufuata Maji

Siku ya soko pale Rangwe, simama kidogo mbele ya karai la muuza samaki. Ngege wamelala ubavu, macho yameshaingia ukungu. Mbuta naye amekwisha zamani. Pembeni, chini ya gunia lililoloweshwa, kuna kitu bado kinajinyonganyonga: kamongo. Kila baada ya dakika chache anainua kichwa, anafunua kinywa, anavuta hewa kwa sauti ndogo kama ya mtoto anayeonja uji wa moto, kisha anatulia. Alivuliwa alfajiri, sasa jua li utosini.

"Mama, huyu mbona hafi?"

"Huyu? Ana mapafu kama wewe, mwalimu."

Jibu ni sahihi. Lakini mwanafunzi mzuri haishii kwenye jibu la kwanza. Samaki aliyezaliwa majini na kulelewa majini, mapafu ya nini? Ngege anatosheka na matamvua yake. Tofauti yao ni makazi. Ngege hupenda maji ya wazi, yanayopigwa na upepo. Kamongo hupenda kinamasi, chini ya mafunjo, kwenye maji meusi yasiyotikisika. Na maji hayo, ukiyapima, yana oksijeni kidogo mno; samaki wa kawaida angekosa pumzi humo.

Basi swali linasogea hatua moja mbele. Hewa ya maji ya kinamasi imekwenda wapi? Nani ameimaliza?

Tulifuate swali hili polepole. Litatupitisha kwenye shamba la mpunga na kwenye harufu ya mvua ya kwanza, litatufikisha Siberia, ambako ardhi iliyoganda kwa maelfu ya miaka sasa inalainika, kisha liturudishe hapahapa kwenye karai.

Mwili wa togo umetoka wapi?

Tuanze na mmea wenyewe wa kinamasi. Kwa Kiswahili ni mafunjo. Huku kwetu kando ya ziwa utasikia togo. Ni bua lenye pembe tatu, laini kama mshumaa, na kileleni limebeba kichaka cha nyuzi za kijani. Watu hulifuma mikeka na kuezekea. Likishiba maji na jua hufika urefu wa mita 4 au 5.

Uzito wa bua hilo umetoka wapi? Wengi hujibu haraka: udongoni. Kama ni hivyo, kila palipoota togo pangebaki shimo. Kuna njia rahisi ya kupata jibu. Kausha bua, lichome, kisha kusanya jivu. Utapata kiganja kimoja tu. Jivu hilo, kwa kiasi kikubwa, ndilo mchango wa udongo: chumvichumvi na madini. Vingine vyote vimepaa na moshi, vimerudi hewani, kwa sababu huko ndiko vilikotoka.

Kila jani lina vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho. Kupitia humo huingia kaboni dioksidi, ile tunayoiita hewa ukaa. Ndani ya jani, nguvu ya jua huiunganisha na maji kutengeneza sukari, na sukari husokotwa kuwa nyuzi, mizizi na maua. Karibu nusu ya uzito wa mmea mkavu ni kaboni tupu. Kwa hiyo togo ni hewa iliyosimamishwa wima.

Hapa tunakutana na fundo la kwanza kati ya maji na kaboni. Kinyweleo kikifunguka ili hewa ukaa iingie, maji ya ndani ya jani hutoroka kama mvuke. Mmea hauna njia ya kupata kimoja bila kupoteza kingine. Mahindi, ambayo hufuata njia ileile ya togo ya kubana matumizi, bado hutumia mamia ya kilo za maji kujenga kilo moja ya mwili mkavu. Kila punje ya kaboni iliyomo katika mmea imenunuliwa kwa maji.

Hiyo ni safari ya kuingia. Ya kutoka ni kinyume chake. Togo likifa, bakteria na kuvu hulishukia. Huvunja zile nyuzi, huchukua nguvu iliyofungwa na jua, na hupumua hewa ukaa kama unavyopumua wewe baada ya kula ugali. Kuoza, kwa ufupi, ni moto usio na mwali: kuni ni zilezile, oksijeni ni ileile, na moshi wake ni hewa ukaa ileile, kinachotofautiana ni kasi tu. Makaa ya jiko huisha kwa saa mbili, jani huchukua miezi.

Lakini moto wa jikoni na moto huu wa chinichini hutofautiana katika jambo moja kubwa. Wa jikoni huuawa na maji. Wa chinichini hauwezi kuwaka bila maji. Sasa tuuone kwa macho.

Makopo matatu

Chukua makopo matatu ya plastiki. Kila moja litie udongo uleule wa shambani, na ndani yake fukia majani machache ya mahindi yaliyochanwachanwa. Kopo la kwanza lianike mpaka udongo uwe vumbi, na usilitie maji kabisa. La pili linyunyizie mpaka udongo ukiufinya unashikana, lakini hauchuruziki. La tatu lijaze mpaka maji yasimame vidole viwili juu ya udongo. Yafunike yote kwa kitambaa, yaweke kivulini, na urudi baada ya wiki nne.

Katika kopo la kwanza, jani bado ni jani. Limekauka tu. Katika la pili, jani limekuwa na matundu, limepitiwa na nyuzi nyeupe za kuvu, na ukilishika linavunjika. Harufu yake ni ya udongo wa msituni. Katika la tatu utashangaa. Jani ni telezi, limebadilika rangi, lakini umbo lake bado lipo. Udongo wenyewe, uliokuwa wa kahawia, umekuwa wa kijivu. Ukiuchokoza kwa kijiti, mapovu yanapanda, na harufu ya yai viza inakupiga usoni.

Tafakari tulichokiona. Maji yakikosekana, kuoza kunasimama. Yakiwepo kwa kiasi, kuoza kunakimbia. Yakizidi, kunazorota tena. Uhusiano huu hauendi kwa mstari ulionyooka. Ni kama kilima: chini upande huu, juu katikati, chini upande ule.

Upande wa ukavu ni rahisi kueleza. Bakteria ni kiumbe cha majini, hata yule anayeishi shambani. Huogelea katika utando mwembamba wa maji unaozunguka kila chembe ya udongo, na chakula humfikia kikiwa kimeyeyuka humo. Utando ukikauka, anabaki kama mvuvi aliyeachwa mchangani na mtumbwi wake.

Upande wa mafuriko unahitaji hesabu kidogo. Lita moja ya hewa tunayovuta ina oksijeni kama miligramu 270. Lita moja ya maji ya vuguvugu, yakiwa yameshiba hewa kabisa, ina kama miligramu 8. Tayari tofauti ni zaidi ya mara 30. Kisha ongeza hili: oksijeni hupenya ndani ya maji yaliyotulia polepole mno, karibu mara 10,000 polepole kuliko inavyopenya ndani ya hewa. Udongo uliojaa maji hauna nafasi za hewa tena. Bakteria waliomo huimaliza akiba ndogo iliyopo, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili, na nyingine haifiki. Mlaji ana chakula tele mbele yake lakini hana pumzi ya kukilia.

Sasa tunaweza kulikamilisha jibu la yule muuza samaki. Pumzi ya kinamasi humalizwa na bakteria wanaokula mafunjo yaliyokufa. Katika mamilioni ya miaka, jamii ya kamongo imekuwa ikigombea pumzi hiyo na walaji wasiohesabika, na waliosalia ni wale walioweza kuitafuta juu ya maji.

Pumzi ya mvua ya kwanza

Kilima kile kina jambo jingine, na jina lake limetokana na utafiti uliofanywa Kenya. Kila mkulima wa Rangwe anajua kwamba mvua ya kwanza baada ya kiangazi ina nguvu ya pekee. Mahindi yaliyopandwa mapema, yakazikuta zile mvua za mwanzo, hutoka na kijani kizito. Miaka ya 1950, mtafiti aitwaye H. F. Birch alikuwa akifanya kazi Muguga, karibu na Nairobi, katika taasisi ya utafiti wa kilimo na misitu ya Afrika Mashariki. Alichukua udongo, akaukausha, akaulowesha, akapima hewa inayotoka. Akarudia tena na tena. Kila aliporudisha maji, hewa ukaa ilifumuka ghafla, kwa wingi kuliko udongo ambao haukukauka kabisa. Pamoja na hewa hiyo ilitoka naitrojeni ambayo mimea huweza kuila. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1958, na mpaka leo wanasayansi wa udongo duniani huliita jambo hilo kwa jina lake.

Sababu yake ni hii. Ukame huua sehemu ya vijiumbe, na miili yao huwa chakula. Madongoa hukatika na kufichua mabaki ambayo hayakufikiwa. Mvua ikishuka, waliosalia huamka wakakuta karamu. Ardhi inavuta pumzi moja ndefu, na wewe unayesimama mlangoni ukisikia harufu ya udongo mbichi uko karibu na pumzi hiyo.

Angalia maana yake. Ukitaka kujua kaboni ngapi itatoka ardhini mwaka huu, kipimo cha mvua ya mwaka mzima hakitoshi. Unapaswa kujua maji yalikuja mara ngapi, yakaondoka mara ngapi. Udongo mweusi wa tambarare za kuelekea ziwani, unaopasuka nyufa za kumeza mguu wakati wa kiangazi na kuwa ugali wakati wa masika, huvuka kilima kile kila mwaka, kwenda na kurudi.

Ekari moja ya mafunjo

Turudi kinamasini, upande wa pili wa kilima. Togo linaota haraka kuliko linavyooza. Lililokufa huanguka majini, hufunikwa, hukosa oksijeni. Mwaka unafuata mwaka, tabaka juu ya tabaka, mpaka inakuwa mboji nyeusi yenye nyuzi ambayo fimbo inazama bila kugusa chini. Hiyo ni kaboni iliyowekwa amana, na mlinzi wake ni maji.

Je, mlinzi akiondoka? Jibu zuri kabisa linatoka Ziwa Naivasha. Mwaka 2002, Michael Jones na mwenzake Humphries walichapisha vipimo vya kinamasi cha mafunjo cha huko. Pale mabaki na mizizi ilipokuwa imefunikwa na maji, kila mita moja ya mraba iliweza kuhifadhi kama kilo 1.6 za kaboni kwa mwaka. Maji yaliposhuka na mabaki yaleyale kuachwa wazi kwa hewa, hesabu iligeuka: kila mita ya mraba ilipoteza kama kilo 1.0 kwa mwaka. Mmea haukubadilika, jua lilikuwa lilelile. Kilichohama ni uso wa maji.

Tuilete hesabu nyumbani. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ikiwa imefunikwa maji, huweka akiba ya kaboni kama tani 6.5 kwa mwaka. Gunia la makaa la kilo 40 lina kaboni kama kilo 30. Basi ekari hiyo inazika zaidi ya magunia 200 kila mwaka, bila jembe wala mshahara. Maji yakitolewa kwa mfereji, ekari ileile itaachia kama tani 4, sawa na kuchoma magunia 130 na ushei uwanjani kwako, mwaka baada ya mwaka, mpaka mboji iishe. Na kwa kuwa kila kilo ya kaboni inaposhikana na oksijeni huwa kilo 3.7 za hewa ukaa, tani hizo 4 huingia angani zikiwa karibu 15.

Mtu aliyechimba mfereji ule apande nduma au nyanya hakuona moshi wowote. Miaka michache ya kwanza atavuna vizuri sana, kwa sababu ileile aliyoiona Birch: karamu imefunguliwa. Kisha ataona shamba lake linashuka, kama godoro linalokaliwa. Kushuka huko ndiko kaboni ikiondoka.

Dirisha la nyuma

Mpaka hapa ungeweza kudhani somo limekwisha: zamisha kila kitu, kaboni itulie. Lakini yale mapovu ya kopo la tatu hatujayaeleza.

Oksijeni ikiisha, si walaji wote hufa. Wapo wanaojua kupumua kwa vitu vingine. Kwanza hutumika naitreti, kisha kutu ya chuma, kisha salfeti. Kutu ikitumika, udongo mwekundu au wa kahawia hugeuka kijivu. Salfeti ikitumika, unanusa yai viza. Ni ngazi, na kila daraja la kushuka linatoa nguvu kidogo kuliko la juu yake. Chini kabisa, vitu vyote hivyo vikishaisha, wanabaki vijiumbe wa kale sana wa kundi la arkea, ambao oksijeni kwao ni sumu. Wao hutoa methani, ndiyo ile gesi ya mtambo wa biogesi wa kinyesi cha ng'ombe, ambao kwa hakika ni kinamasi kilichofungwa ndani ya tangi.

Methani hudumu angani miaka kama 12 tu, lakini kwa uzito uleule, katika kipindi cha miaka 100, hupasha joto dunia kama mara 28 kuliko hewa ukaa. Kwa hiyo maji yamefunga mlango wa mbele na kuacha dirisha la nyuma. Kinachopita dirishani ni kidogo, ila ni kikali.

Nenda ukaone dirisha hilo Kochia, kwenye mashamba ya mpunga. Mradi wa Kimira-Oluch ulijengwa kuleta maji ya mito ya Awach Kibuon na Awach Tende kwa wakulima wadogo, na pale maji yanaposimama shambani, mpunga ni kinamasi cha kupandwa kwa mikono. Ng'oa shina moja, suuza mizizi kwenye mfereji. Utaona mizizi imevaa rangi ya machungwa, kama msumari ulioachwa mvuani. Ni kutu hasa. Mpunga, kama togo, una mirija ya hewa ndani ya bua. Huvuta oksijeni kutoka majanini na kuishusha mizizini, na ile inayovuja hukutana na chuma kilichoyeyuka matopeni na kutengeneza kutu. Mirija hiyohiyo hufanya kazi upande wa pili: methani ya matopeni huipanda na kutokea juu. Sehemu kubwa ya methani ya shamba la mpunga hutoka kupitia mmea wenyewe, haisubiri povu.

Kwa kuwa sasa tunajua ufunguo uko wapi, tunaweza kuugeuza kidogo. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino imeeneza njia ambayo hata mtoto anaweza kuielewa. Chukua kipande cha bomba la plastiki, litoboe matundu ubavuni, lizamishe shambani hadi juu libaki wazi. Chungulia ndani. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, fungulia mfereji, jaza hadi sentimita 5 juu. Kisha acha yashuke tena. Wakati mpunga unatoa maua, usiuache ukauke. Kila maji yanaposhuka, oksijeni inaingia na wale arkea wanazimwa. Methani hupungua kwa theluthi hadi nusu, maji yanaokolewa, na mavuno kwa kawaida hayashuki. Wakulima wa Mwea wameijaribu njia hii.

Mpunga hauna mboji ya maelfu ya miaka chini yake, ndiyo maana kushusha maji humo kuna faida. Kinamasi cha mafunjo ni tofauti: ukishusha maji ili uzibe dirisha, umefungua mlango wa ghala zima. Dawa moja haitibu wote wawili.

Kufuli la barafu

Sasa twende mbali. Kaskazini mwa Siberia, Alaska na Kanada, ardhi imeganda kwa kina cha mita makumi, mahali pengine mamia. Juu huyeyuka kidogo kila kiangazi, nyasi na kuvumwani hukua, kisha baridi inarudi kabla bakteria hawajamaliza kula. Kwa maelfu ya miaka mabaki yamejirundika humo. Wanasayansi wanakadiria kaboni iliyohifadhiwa katika ardhi hiyo kuwa tani bilioni 1,460 hadi 1,600, karibu mara mbili ya kaboni yote iliyomo angani leo.

Kwetu kufuli ni maji; kwao kufuli ni maji pia, ila yameganda. Barafu huwanyima bakteria mambo mawili kwa pamoja: joto, na ule utando wa maji wa kuogelea. Chakula kilichomo kwenye friji kipo palepale, hakiozi, mpaka umeme ukatike.

Na umeme unakatika. Tangu mwaka 1979, eneo la Aktiki limepata joto karibu mara nne ya kasi ya wastani wa dunia. Barafu inayeyuka. Je, kaboni itatoka kama hewa ukaa au kama methani? Mtu aliyekaa na yale makopo matatu ana njia ya kujibu: atauliza kwanza maji yameelekea wapi.

Ikiwa ardhi iliyolainika iko kwenye mteremko, maji yatachuruzika, udongo utabaki na unyevu wa kopo la pili, na hewa ukaa itatoka kwa kasi. Ikikauka zaidi, mboji hushika moto. Ikiwa ardhi ni tambarare, yale mapande ya barafu yaliyokuwa ndani yake yakiyeyuka huacha mashimo. Ardhi inatitia, maji yanatuama, ziwa dogo linazaliwa. Hapo ni kopo la tatu. Katika maziwa kama hayo huko Alaska, mtafiti Katey Walter Anthony wa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks amejulikana kwa jambo moja: wakati wa baridi mapovu ya methani hunaswa chini ya barafu ya ziwa, meupe kama sarafu zilizopangwa, yeye hutoboa barafu, anawasha kiberiti, na mwali unaruka juu kupita kimo chake.

Ni kweli kwamba joto hilohilo linaotesha vichaka vipya kaskazini, na vichaka hivyo vinavuta kaboni. Lakini kichaka hujenga mwili wake kwa miongo michache, na ghala la chini limejengwa kwa maelfu ya miaka.

Maji yanayoyumba

Rangwe haina barafu ya kuyeyuka. Joto la dunia hutufikia zaidi kwa njia ya maji: hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi, hivyo ukame hukausha zaidi na mvua hupiga zaidi. Mwishoni mwa 2019 Bahari Hindi upande wetu ilikuwa na joto kupita kawaida, mvua zikamwagika, na kufikia Mei 2020 Ziwa Victoria lilikuwa limepita hata kiwango cha 1964, kilichofuata mafuriko ambayo wazee bado wanayahadithia. Nyumba za ufukweni ziliingiwa na maji. Visiwa vya mafunjo viling'oka vikaelea. Aprili mwaka huo kimoja kilikwenda kukwama kwenye bwawa la umeme Jinja, na Uganda nzima ikaingia gizani.

Maji ya ziwa hayaishii Jinja. Hushuka Nile hadi Sudani Kusini, ambako mto unatawanyika katika kinamasi kikubwa cha Sudd. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, wakitumia setilaiti ya Kijapani inayopima gesi kutoka angani, waligundua kwamba methani ya Sudd iliongezeka kati ya 2011 na 2015, sambamba na maji yaliyokuwa yakija kutoka maziwa yetu. Mvua iliyonyesha juu ya vilima vya Gusii, ikapita kwenye mito yetu na kujaza ziwa, ina nafasi yake katika mapovu ya Sudd.

Magharibi yetu liko ghala jingine kubwa. Mwaka 2017, Greta Dargie, Simon Lewis, Suspense Ifo na wenzao walitangaza kwamba chini ya misitu ya maji ya bonde la Kongo kuna mboji yenye eneo la kilomita za mraba 145,500, sawa na robo ya Kenya, ikiwa na kaboni kama tani bilioni 30. Tabaka za chini zina umri wa zaidi ya miaka 10,000. Uchunguzi wa baadaye ukaonyesha pengo katikati ya tabaka hizo: zamani hali ya hewa ilikauka, maji yakashuka, mboji ikaliwa. Miaka kama 2,000 iliyopita mvua zikarudi, na akiba ikaanza kuwekwa upya. Ghala hilo limeshawahi kufunguliwa, na aliyelifungua ni ukame.

Ndiyo maana anayelinda kinamasi kwa kukataza tu watu wasikate togo amelinda nusu. Togo lililokatwa huchipua tena. Mfereji mmoja wenye kina cha goti hushusha maji mwaka mzima, mchana na usiku. Kama ningetakiwa kuweka mlinzi mmoja tu kwenye kinamasi, ningemnunulia bomba lenye matundu na rula, aandike kila wiki maji yako wapi.

Sasa turudi kwenye karai. Jua limegeuka, kamongo bado yuko chini ya gunia. Yule mama anachota maji kwa kikombe na kulilowesha, kidogo tu.

"Mbona hulijazi karai kabisa, uweke na kifuniko asiruke?"

"Atakufa maji," anasema, na kucheka, kwa sababu anajua maneno hayo yanavyosikika kuhusu samaki.

Ni kweli tupu. Kamongo mzima asipofika juu kuvuta hewa, hufa ndani ya maji. Gunia bichi linampa vyote viwili, unyevu na hewa, na hapo ndipo wengi hupumua vizuri, kuanzia yeye hadi bakteria wa shambani. Ukitaka kamongo aishi, lowesha gunia. Ukitaka kaboni ilale, usiiwekee gunia bichi: izamishe, na uchunge maji yasishuke.